Pengo la kodi ya mapato liko kwenye kipato kisichoonekana, sio kwa machinga

Mtoto wa Ilala (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana kila bajeti ikisomwa kule Dodoma wimbo ni ule ule, hela haitoshi, wigo wa kodi ni mdogo, basi tuongeze tozo hapa na pale, na anayeongezewa ni yule yule aliyekuwa analipa tangu mwanzo.

Mimi kazini ndio naandaa mishahara kwa hiyo hiki kitu nakiona kila mwezi. Chukua mtu anayelipwa 1,500,000. Kwanza inatoka asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni, inabaki 1,350,000, na hapo ndipo PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inapoanza kufanya kazi yake. Milioni moja ya kwanza kodi yake ni 128,000, ile 350,000 iliyozidi inakatwa asilimia 30 yaani 105,000, jumla 233,000 kila mwezi. Na mimi natakiwa niwe nimeipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, nikichelewa kuna riba na adhabu. Huyo mfanyakazi hajaulizwa chochote, hajakaa na afisa wa TRA, hela imeondoka kabla hajaiona kwenye akaunti. Hata huyu wa laki nane, ukitoa NSSF anakatwa 60,000, na huyo ndio ana chumba cha kulipia na watoto wa shule.

Sasa toka hapo ofisini utembee mtaa mmoja tu. Tuseme kuna mtu ana jengo la fremu 12, yaani vyumba vya maduka, kila fremu laki sita kwa mwezi, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni milioni 7.2 kwa mwezi bila kuamka asubuhi kugombania daladala. Sheria inasema mfanyabiashara aliyepanga akate asilimia 10 ya ile kodi ya pango aipeleke TRA kama kodi ya zuio, yaani kwa sheria ni kodi ya mwenye nyumba, mpangaji ni mkusanyaji tu. Wote tuliowahi kupanga fremu tunajua inavyokwenda. Mwenye nyumba anakwambia laki sita yangu naitaka kamili, habari za TRA utajua mwenyewe, kama hutaki kuna dalali ananisubiri na mteja mwingine. Kwa hiyo ile asilimia 10 inatoka mfukoni kwa mpangaji, au mnaandikishana mikataba miwili, mmoja wa ukweli unakaa kwenye droo na mwingine una laki mbili ndio unaopelekwa kwenye makadirio. Mimi mwenyewe nilishapewa huo mkataba wa pili nisaini, niliambiwa hivyo ndivyo wanavyofanya wapangaji wote wa jengo zima.

Na hapo nimesema wenye nyumba tu kwa sababu ni mfano rahisi. Kuna wakili anayelipwa taslimu, kuna daktari mwenye kliniki yake ya jioni, kuna mkandarasi mdogo, kuna watu wanaingiza kontena na thamani iliyoandikwa kwenye karatasi haifanani na mzigo uliomo ndani. Kipato cha hawa watu hakina mtu wa katikati anayekikata kabla hakijafika, kinategemea waseme wenyewe. Ndio maana nasema pengo, yaani kodi inayotakiwa kulipwa na hailipwi, liko hapo.

Lakini ukiangalia nguvu ya serikali ilikokwenda miaka hii utashangaa. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya machinga vya 20,000 kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kelele zikawa kubwa mpaka ikabidi ipunguzwe asilimia 30 ndani ya miezi michache. Mwaka huo huo kodi ya jengo ikahamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ikaja kupanda mpaka 1,500, na anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Yaani hata kodi ambayo jina lake ni ya jengo, analipa asiye na jengo.

Wazo langu ni moja na nalisema bila kuzunguka: Serikali iache kuongeza viwango na kubuni tozo kwa wanaoonekana, TRA waweke nguvu kukifanya kipato kikubwa kionekane. Jengo lenye mita 12 za LUKU haliwezi kujificha, TANESCO wa umeme wanalo, Ardhi wanayo hati, NIDA wa vitambulisho wana jina la mmiliki, BRELA, wasajili wa kampuni, wana kampuni zilizosajiliwa pale pale. Taarifa zote ziko serikalini tayari. Karibuni.

Kigogo Huru

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Kila mwaka CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakabidhi ripoti kwa Rais mwisho wa mwezi Machi, Aprili inaingia bungeni, tunasoma manunuzi ya ajabu, miradi iliyolipwa haipo, halafu kelele zinaisha mwezi Mei na watu wanahamishwa vituo. Mtu akiona hivyo kwa nini ajipeleke kulipa? Mimi simlaumu huyo mwenye fremu 12. Anaona bora hela yake aifanyie kazi mwenyewe. Serikali kwanza ioneshe kodi inafanya nini ndio ije kuulizia pengo.

Mtoto wa Ilala

Kigogo Huru nakuelewa na hasira ya ripoti za CAG hata mimi ninayo. Lakini angalia hoja yako inampa nani ruhusa. Mwalimu wa sekondari naye anaisoma ripoti hiyo hiyo na anakasirika hivyo hivyo, ila yeye hana uwezo wa kusema mwezi huu silipi PAYE mpaka waliotajwa wafikishwe mahakamani. Uwezo huo anao mwenye kipato kisichoonekana peke yake. Kwa hiyo wizi ukitokea mwalimu anaumia mara mbili, hela yake imeliwa na bado anafidia ya yule aliyegoma. Na yule aliyegoma barabara anapita, mtoto wake akipata ajali anapelekwa Muhimbili MOI kama wengine. Tudai hesabu ya matumizi, ndio, tena kwa nguvu, lakini tusiwape mwanya watu wa fremu 12 wajifiche nyuma ya ripoti ya CAG.

Mama Fremu K/koo

Mimi niko Kariakoo, nauza vitenge na mashuka. Nimesoma nikaona mleta mada unaongea kama mtu aliyewahi kukaa dukani, asante kwa hilo la pango maana ndio ukweli mtupu. Ila naomba msituweke wafanyabiashara wote kwenye kapu moja. Tulipofunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja kukutana na sisi pale Mnazi Mmoja, hatukugoma kwa sababu hatutaki kodi. Tuligomea kamatakamata, tuligomea ile habari ya kusajili stoo, na watu wengi walisimama pale wakasema hadharani mambo ya rushwa. Juni 2024 tukafunga tena na safari hiyo mpaka mikoani walifunga. Hivi mnadhani mtu anafunga duka kwa raha? Siku ukifunga mkopo haufungi.

Shida yetu iko hivi. Mwenye mzigo mkubwa, yule anayeleta kontena, ananiuzia bila risiti, au risiti ananiandikia nusu. Nikimwambia nataka risiti kamili anasema basi bei ni nyingine, ongeza ile asilimia 18 ya VAT. Jirani yangu kachukua bila risiti, nikichukua kwa risiti siwezi kushindana naye bei. Sasa mimi nikiuza natakiwa nitoe risiti ya EFD, ile mashine ya TRA, ya bei yote, kwenye vitabu inaonekana nimenunua kidogo nimeuza sana, faida ya kwenye karatasi ni kubwa kuliko ya kwenye droo. Napigiwa kodi ya faida ambayo sijaipata. Halafu watu wanasema Kariakoo hawapendi kutoa risiti. Anzeni juu, kwa mwenye kontena, risiti ikishatoka kule sisi huku chini itashuka yenyewe.

Bongo Houston

Wadau mimi niko huku Marekani miaka mingi, na naona mleta mada amegusa kitu ambacho huku kimepimwa kabisa. IRS, ambao ndio TRA ya huku, wanafanya hesabu ya pengo la kodi, yaani tofauti kati ya kodi iliyotakiwa kulipwa na iliyolipwa kwa hiari na kwa wakati. Kwa mwaka wa kodi 2022 walikadiria dola bilioni 696, na hata wakishafukuzia na kukusanya za kuchelewa linabaki kama bilioni 606. Hiyo ni nchi yenye kompyuta za kila aina. Wanaolipa kwa hiari ni kama asilimia 85 ya kodi yote inayotakiwa.

Lakini cha kuangalia ni hiki. Kwenye mishahara, ambako mwajiri anakata kabla na anapeleka taarifa, kipato kinachofichwa ni asilimia 1 tu. Kwenye kipato ambacho hakuna mtu mwingine anayekitolea taarifa, biashara binafsi ya mtu na vitu kama hivyo, kinachofichwa ni asilimia 55. Watu ni wale wale, wanasali kanisa moja, wana sheria moja. Tofauti ni kama kuna mtu wa tatu anayeona hela ikipita au hayupo.

Mimi mchana nimeajiriwa, jioni nilikuwa naendesha gari nasambaza vyakula kupitia programu ya simu. Ile kampuni ilinitumia fomu mwisho wa mwaka inayoonesha imenilipa kiasi gani, na nakala ilienda IRS. Nilikuwa nalipa mwenyewe kila robo mwaka. Nakiri hapa hadharani kwamba nililipa yote kwa sababu nilijua namba wanayo, sio kwa sababu mimi ni mtu mwema kuliko jirani yangu.

Na huku nako siasa zipo. 2022 Bunge liliwapa IRS karibu dola bilioni 80 kwa miaka 10 ili waajiri watu na kuwafuatilia matajiri wakubwa, mwaka uliofuata tu yakafanyika makubaliano ya deni la taifa na ikakubaliwa bilioni 20 ya hiyo hela iondolewe. Mwenye nacho popote duniani hapendi mkaguzi mwenye akili na muda wa kutosha.

Mtoto wa Ilala

Bongo Houston hiyo asilimia 1 na asilimia 55 ndio nilichokuwa nakitafuta wiki nzima, asante sana. Hapo ndio mtu aelewe kwa nini mahubiri ya uzalendo, kulipa kodi ni fahari na matangazo ya redioni hayajaziba pengo. Mfanyakazi sio mzalendo kuliko mwenye nyumba. Ameonekana tu.

Mkereketwa wa Takwimu

Mleta mada mbona unaongea kama nchi imefilisika? TRA mwaka 2024/25 wamekusanya zaidi ya trilioni 32 na wamevuka lengo. Makusanyo yanapanda kila mwaka. Pengo gani tena, tupe namba.

Mtoto wa Ilala

Mkuu kuvuka lengo ni jambo zuri na waliofanya kazi hiyo nawapongeza kwa dhati. Lakini lengo linawekwa na serikali yenyewe, kuvuka lengo hakusemi umekusanya kiasi gani cha kile kilichopo. Bajeti ya mwaka huo huo ilikuwa trilioni 49.35, iliyofuata 2025/26 ikawa trilioni 56.49, kilichobaki ni mikopo, misaada na mapato mengine yasiyo ya kodi. Na ukichukua kodi yote ukalinganisha na pato la taifa tunazunguka kwenye asilimia 12 na 13 wakati wastani wa Afrika ni kama 16. Hizo pointi tatu kwa uchumi wa ukubwa wetu ni matrilioni, zingejenga vituo vya afya na zikabaki za kuajiri wauguzi wa kukaa humo ndani.

Mchimba Madini wa Kahama

Nyie mnahangaika na fremu na vitenge, hela iko kwa wakubwa. Mmesahau makinikia, ule mchanga wa dhahabu uliokuwa unasafirishwa nje? 2017 serikali ilipeleka dai la dola bilioni 190 kwa Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu, kodi pamoja na riba na adhabu. Tukaambiwa kila Mtanzania atapata gari. Ikaisha kwa dola milioni 300 na hisa asilimia 16 kwenye Twiga, kampuni ya ubia iliyoundwa baada ya hapo. Na ripoti ile ya jopo la mzee Thabo Mbeki ya 2015 ilisema Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa hela zinazotoroshwa, na sehemu kubwa ni makampuni kucheza na bei kwenye karatasi. Fremu 12 ni nini hapo?

Mtoto wa Ilala

Mkuu wa Kahama sipingani na wewe, na naona kabisa ni ugonjwa ule ule. Kampuni inayojiuzia yenyewe mzigo kupitia tawi lake la nje kwa bei inayojipangia, na mwenye nyumba mwenye mikataba miwili, wote wanatumia namba ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Ila dai la bilioni 190 linatufundisha kitu. Ukipeleka namba kubwa namna hiyo huku huna taarifa za kutosha za kuisimamia mpaka mwisho, mnaishia mezani. Ilitakiwa wakaguzi wabobezi wa madini na bei za kimataifa wawe wanakagua kila mwaka kuanzia mgodi unapofunguliwa, wasisubiri miaka ipite. Mkaguzi mmoja mwenye ujuzi huo analeta hela nyingi kuliko vijana 50 wanaozunguka mitaani kuangalia nani hana risiti ya soda.

Omosh wa Eldoret

Niaje majirani. Hapa Kenya story ni hiyo hiyo tu. Mwenye payslip anakatwa PAYE, 2.75 percent ya SHIF ya bima ya afya, 1.5 ya mradi wa nyumba za bei nafuu, NSSF, na kuanzia Finance Act ya 2023 mwenye mshahara mkubwa kabisa anafika 35 percent. Halafu kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ikashushwa, kutoka 10 ikawa 7.5 percent kuanzia Januari 2024, kwa sababu walisema landlords wengi hawalipi so wakishushiwa watalipa. Sisi wa payslip hatujawahi kushushiwa ndio tulipe, manake hatuna njia ya kukataa. Juni 2024 vijana waliingia barabarani na wengine hawakurudi nyumbani, Finance Bill ikaondolewa. Ile hasira haikuwa ya kodi peke yake, ilikuwa ya kuona ni sisi tu kila siku.

Mtoto wa Ilala

Pole sana Omosh, pole kwa familia za wale vijana. Na umesema neno ambalo nilikuwa nashindwa kulipanga, kwamba anayeweza kukataa ndiye anayebembelezwa.

Dada Mhasibu

Nimefuatilia uzi tangu mwanzo, nafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo na wa kati, naomba niongeze vitu ambavyo sijaona mtu amevisema.

Mfanyabiashara wa kawaida anajikadiria mwanzoni mwa mwaka na kulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kama mwaka wake ni wa kalenda. Wale wadogo wenye mauzo chini ya milioni 100 wana mfumo wao rahisi. Mauzo yakiwa kati ya milioni 4 na 7 na huna kumbukumbu unalipa 100,000 kwa mwaka, kati ya milioni 7 na 11 bila kumbukumbu ni 250,000, ukiwa na kumbukumbu inaweza kushuka, na juu ya hapo mpaka milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Sasa angalia mfanyakazi wa laki nane pale juu, kwa mwaka analipa 720,000. Mwenye duka wa mauzo ya milioni 10 analipa 250,000. Msimkasirikie mwenye duka, mauzo sio faida, milioni 10 ya mauzo inaweza kumpa faida ya milioni moja na nusu tu. Tatizo linakuja kwa yule wa mauzo ya milioni 300 aliyejificha humo humo kwenye milioni 90, na kuna mitaa ukipita unakuta wafanyabiashara wakubwa kabisa mauzo yao yamegota chini kidogo ya milioni 100 mwaka hadi mwaka.

Kitu cha pili ni hofu. Ukipigiwa kodi unayoona sio halali, ili pingamizi lako lipokelewe unatakiwa kwanza ulipe theluthi moja ya kilichokadiriwa au kile usichobishania, chochote kilicho kikubwa. Mtu aliyekadiriwa milioni 60 atoe wapi milioni 20 ya kuanzia kubisha? Hapo ndipo mazungumzo ya pembeni yanapozaliwa. Ile Tume ya Rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Sefue, iliyozinduliwa Oktoba 2024, ilipewa kazi ya kupitia mfumo mzima, na mimi kama kuna kitu kimoja ningeomba kiguswe ni hiyo theluthi. Mtu akiwa na sehemu ya kubishia bila kufilisika, ataleta vitabu vya kweli.

Mama Fremu K/koo

Dada Mhasibu ubarikiwe. Sasa nisaidie, mkataba wangu wa fremu unaisha Desemba. Baba mwenye nyumba ni yule yule wa nataka yangu kamili. Nifanyeje nisibebe mimi hiyo kumi?

Dada Mhasibu

Mama, kaa naye kabla ya Desemba, usisubiri wiki ya mwisho akiwa na dalali mlangoni. Kubalianeni kodi ya pango ikiwa na zuio ndani yake, na iandikwe kwenye mkataba kwamba asilimia 10 inakatwa humo humo, halafu mwombe TIN yake, namba ya mlipakodi, maana cheti cha zuio kinatoka kwa jina lake. Mwelezee kwamba kile cheti ni ushahidi wake kuwa ameshalipa, siku akikaguliwa hataanza upya. Wengine wakisikia hivyo wanalainika. Na mkataba uwe mmoja, upelekwe ukalipiwe ushuru wa stempu. Ukisaini ule wa pili wa uongo, ukija ugomvi wa kutolewa kwenye fremu, karatasi utakayoshika mbele ya sheria inasema unalipa laki mbili.

Mama Fremu K/koo

Akikataa?

Dada Mhasibu

Akikataa sheria inakuhesabu wewe ndiye uliyetakiwa kukata, TRA watakudai wewe. Ndio maana nakubaliana na mleta mada kwamba hii kazi isiachiwe mpangaji. Mpangaji ndiye mnyonge kwenye yale mazungumzo, kumpa kazi ya kumkata kodi mtu anayeweza kumfukuza kesho ni kumwonea.

Mtoto wa Ilala

Hapo Dada Mhasibu umemaliza. Mmiliki atambuliwe kwa hati na mita zake, TRA wamwandikie wao moja kwa moja kwamba jengo lako la mtaa fulani lina fremu 12 zinazotumia umeme, mapato uliyoyasema ni haya, tueleze tofauti. Mama Fremu awe nje ya huo ugomvi kabisa, yeye auze vitenge. Naiandaa hii iwe barua nimpelekee mbunge wetu kabla ya vikao vya bajeti kuanza Aprili, na Mama Fremu kama utaruhusu nataka niweke maelezo yako ya risiti za kontena bila jina lako.

Mama Fremu K/koo

Weka. Na andika kwamba tuko wengi tunaotaka kulipa kilicho halali, wasitujie na polisi.